Mwenye Gari Aje Mwenyewe

Wiki iliyopita mliniacha mlimani, njia ya kutoka Mpitimbi, nimekanyaga mafuta mpaka mguu unatetemeka, injini inanguruma kwa nguvu zake zote, na gari linapanda kama mzee anayetembelea fimbo.

Kwa aliyelikuta gazeti hili mezani kwa mwenzake na hanijui, naitwa Lidwina. Nimesomea ualimu. Cheti ninacho, ajira sina. Baba yangu, mzee Leonce, alipunguzwa kazini kwenye chama cha ushirika wakati ule walipopunguzwa wengi, na kiinua mgongo chake chote akakigeuza pikapu. Akanifundisha kuiendesha kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume, na kwa sababu alipenda kuona watu wanavyoshangaa. Kisha akafariki, gari likiwa bado lina harufu ya dukani.

Ukoo ulipokaa kumaliza msiba, mdogo wake baba, Hironimus, alisimama akasema mjane hakai peke yake, lazima awe na mwanamume wa kumlinda, na mwanamume huyo ni yeye. Ana mke wake Mpitimbi na watoto. Paroko alipomuuliza, alijibu, "Padre, mimi sioi. Nalinda."

Mama alikataa mbele ya wote. Alisema ana gari na ana binti wa kuliendesha. Atanunua mahindi na maharage vijijini auze mjini, wala hatamlilia mtu njaa. Wazee wakanong'onezana, wakatoa neno lao: "Haya, Kunegunda. Maadamu gari linatembea, kaa kwako. Siku likisimama, umpokee shemeji yako."

Sasa mnajua kwa nini pale mlimani machozi yalinitoka.

Mama alikuwa kando yangu, amepakata debe la maharage ya mbegu.

"Lidwina, nani anachoma nywele?"

"Si nywele, mama. Ni chini ya gari."

"Basi punguza moto."

"Nikipunguza tutarudi nyuma."

Akaanza kusali kwa kuhesabu vidole.

Kabla ya kona ya juu gari likakata tamaa. Injini ilikuwa inazunguka, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Nikabana breki. Mama akaruka chini na kutia jiwe nyuma ya gurudumu kwa wepesi ambao sijapata kuuona kwa mtu wa umri wake.

Watu waliokuwa wanatoka mashambani walitusaidia kushusha magunia. Mmoja wao, mzee mwenye shoka begani, aliinama akanusa.

"Dada dereva, gari hili limechoka kabla ya mwenyewe."

"Litapona, babu," nikasema.

"Hata marehemu tuliwaambia hivyo."

Wenzake wakamkemea. Mimi nikaingia ndani ya gari nikafunga kioo.

Tuliacha mzigo kwenye nyumba iliyo kando ya barabara, tukapanda kwa gia ya kwanza, polepole, mama akitembea nyuma na jiwe mkononi mpaka juu kabisa.

Nyumbani Ruhuwiko tulimkuta baba mdogo Hironimus amekaa barazani kwetu na koti lake la kahawia, kana kwamba aliitwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimelisikia gari kabla sijaliona." Akacheka. Yeye hucheka kwa pua, mdomo umefungwa. "Na sasa nalinusa. Klachi hiyo. Mguu wa mwanamke huo, Lidwina. Unaulaza juu ya klachi kama unaulaza kwenye godoro."

"Silazi mguu, baba."

"Klachi haiungui yenyewe." Akamgeukia mama. "Shemeji, limesimama?"

"Umeliona linaingia," mama akasema.

"Nimeliona linatambaa."

"Mtoto akitambaa hatujasema amekufa."

Akacheka tena kwa pua. Hakuondoka mpaka alipolikagua paa, akaitikisa nguzo ya baraza, akasema nguzo ile itabadilishwa. Hakusema na nani.

Jikoni nikamwambia mama jambo nililolikumbuka njiani.

"Mama, baba alisema gari lina waranti."

"Waranti? Si zile walizokuwa wanapewa walimu kupandia basi?"

"Hii ni nyingine. Ni ahadi ya waliotuuzia. Likiharibika kabla mwaka haujaisha, na kosa si letu, wanatengeneza wao bila malipo."

"Na kosa likiwa letu?"

Klachi mpya hatukuwa na uwezo nayo, na yeye alijua.

"Unalaza mguu?" akaniuliza taratibu, akichochea moto.

"Mama, sijui. Sidhani."

"Basi nenda kesho. Na useme kwa sauti. Wewe maneno yanakukaa kooni kama mwiba wa samaki."

*

Gereji ya kampuni iliyotuuzia gari iko mjini Songea, nyuma ya duka lao la magari. Meneja aliyemuuzia baba alikuwa ameshahamishwa. Aliyekuja badala yake alikuwa Bwana Egidi, mgeni kutoka Iringa, shati jeupe, maneno laini. Fundi wake ni Twaha, mtu wa Tunduru, naye hakuwahi kumwona baba, kibarakashia kina doa la grisi ambalo nadhani halijawahi kumwacha.

Nilieleza shida kwa sauti ndogo. Twaha akaniambia nirudie. Nikarudia kwa sauti ndogo zaidi.

"Dada, usieleze tena," akasema. "Litaeleza lenyewe. Ingia."

Akanisimamisha pale pale uani.

"Vuta hendibreki mpaka mwisho. Haya. Washa. Sasa kanyaga klachi, tia gia ya nne."

"Ya nne, gari likiwa limesimama?"

"Ya nne. Sasa achia klachi pole pole, na mafuta kidogo."

"Litaruka."

"Haliruki. Klachi ikiwa nzima, injini itazimika hapo hapo. Ikiwa mbovu, injini itaendelea kuzunguka kama vile hujaiambia kitu."

Sijawahi kumwomba Mungu gari lizimike. Siku ile niliomba. Niliachia klachi taratibu, mguu ukaja juu, ukaja juu, ukafika mwisho.

Injini ikaendelea kunguruma.

"Zima," Twaha akasema. "Inateleza."

Bwana Egidi akakunja mikono ya shati. "Sasa tusikilizane, dada. Klachi inateleza kwa mambo mawili. Ya kwanza, imeliwa na mguu wa dereva. Hiyo ni juu yenu. Ya pili, sili ya injini, ule mpira unaozuia oili isitoke, inavuja, oili inalowesha pleti ya klachi. Hiyo ni kasoro ya gari, na waranti inaibeba."

"Mtajuaje?"

"Tukishusha giaboksi tutaona kwa macho," Twaha akasema. "Pleti kavu iliyoungua, ni mguu. Pleti yenye mafuta, ni sili. Haina ubishi."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikadhani yamekwisha.

"Mzee Leonce mwenyewe yuko wapi?" Bwana Egidi akauliza. "Gari ni la kwake, nimekuta jina lake hapa kwenye karatasi."

Wasomaji wangu, tangu tumzike baba, sijaweza kusema kwa mdomo kwamba amefariki. Watu hunipa pole, nami huinamisha kichwa. Siku ile hakukuwa na mtu wa kunipa pole. Palikuwa na swali.

"Hayupo," nikasema.

"Aa. Basi si neno. Akirudi aje mwenyewe kulichukua."

Nilifungua mdomo. Twaha alikuwa ameshaingia chini ya gari, anapiga bolti. Bwana Egidi alikuwa ameshageuka kumsikiliza mteja mwingine. Nikaufunga mdomo, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Mama aliponisikiliza aliweka mwiko chini.

"Ulisema hayupo?"

"Ndiyo."

"Hayupo ni mtu aliyekwenda sokoni, Lidwina. Baba yako hatunaye. Ungesema hatunaye, hata mtoto angeelewa."

"Nitakwenda kuwaambia."

"Nenda kabla mtu hajamwekea sahani."

*

Nilikwenda asubuhi. Nilikuwa nimelikariri neno njia nzima: hatunaye, hatunaye, baba yangu hatunaye.

Twaha alikuwa ananingoja uani, anatabasamu. Alishika pleti ya klachi kwa vidole viwili na kuielekeza juani.

"Gusa."

Nikagusa. Kidole kikatoka cheusi, kinateleza.

"Oili," akasema. "Sili imepasuka. Nadhani ilitoka kiwandani ikiwa hivyo. Aliyekwambia unalaza mguu, mwambie aje aguse na yeye."

Niliona kama nimeshushwa gunia mgongoni. Nilitaka kumkumbatia, fundi wa watu na ovaroli lake. Niliishia kusema ahsante, tena sijui kama alinisikia.

Bwana Egidi akatoka ofisini. "Mzee wako ana bahati. Waranti yetu ni ya mnunuzi mwenyewe. Angekuwa ameliuza, au amempa hata ndugu yake wa tumbo moja, tusingeshika spana. Waranti haihami."

Neno langu lilikuwa ulimini. Likarudi nyuma.

"Na mnunuzi," nikasema, "akifariki?"

"Inafariki naye." Akacheka kidogo, kwa wema tu, kama mtu anayetaniana na mtoto wa mteja. "Ndiyo maana siachii gari la waranti mpaka mwenyewe aje nimshike mkono. Madereva na ndugu wameshanitia matatani kule nilikotoka. Mzee anarudi lini?"

"Sijui."

Hilo angalau halikuwa uongo.

Niliondoka na habari njema ambayo sikuweza kuibeba. Nikisema kweli, klachi ingebaki mezani na gari lingesimama. Nikinyamaza, klachi ingefungwa, lakini gari lisingetoka pale milele, maana mtu wanayemngoja hatoki alipolala.

Nilimweleza mama. Aliisahau mboga mpaka ikaungua.

"Tutampata paroko," akasema mwishoni. "Aende aseme nao. Watamhurumia padre."

"Padre yuko vijijini mpaka Jumapili."

"Basi tungoje Jumapili. Na wewe usifungue mdomo kwa mtu yeyote."

Ningemtii, kama baba mdogo asingekuja kula kwetu jioni ile.

Mama alimpikia kuku. Mgeni ni mgeni, hata yule usiyempenda. Alikula kwa raha, akivunja mifupa.

"Gari liko wapi?"

Mama alikuwa amekwenda kuchukua maji ya kunawa. Nilibaki mimi.

"Gereji, baba."

"Limesimama, basi."

"Halijasimama. Wanatengeneza bila malipo. Sili ndiyo ilikuwa mbovu, si mguu wangu."

Nilijivuna, nakiri. Nilitaka alisikie lile la mguu.

"Vizuri. Mbona hawajakupa?"

"Wanataka mwenyewe aje."

"Mwenyewe nani?"

"Baba."

Akaacha kutafuna.

"Wamesema wanamtaka nani?"

"Baba yangu," nikasema, na hapo hapo nikatamani kulirudisha.

Aliweka paja la kuku sahanini, akiwa ameling'ata mara moja tu. Akanawa kwa maji aliyoletewa, akashukuru, akasema chakula kilikuwa kizuri, akavaa koti. Hakuaga.

Mama aliitazama sahani kwa muda mrefu.

"Hironimus hajawahi kuacha nyama," akasema. "Umemwambia nini?"

*

Siku iliyofuata sikwenda mjini. Mama alinikataza, alisema tungoje padre. Kesho yake moyo ukanishinda, nikaenda.

Uani palikuwa na alama ya oili tu mahali pikapu ilipokuwa.

"Umesahau nini, dada?" Twaha akaniuliza. Alikuwa anakunywa chai juu ya tairi. "Mzee ameshalichukua."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Amekuja asubuhi hii, sisi tunafungua geti. Mrefu, koti la kahawia. Anacheka kwa pua."

Nikaitazama tena ile alama ya oili.

"Alisema ni nani?"

"Bwana Egidi alimuuliza, wewe ndiye mzee wake Lidwina? Akasema, ndiye mimi, Lidwina ni mwanangu. Wakashikana mikono. Akalijaribu gari hapa uani, akasifu. Kwani si baba yako?"

Mngejibuje nyinyi? Kwetu mdogo wa baba ni baba. Tangu nianze kusema nimemwita baba. Hakudanganya hata neno moja. Jina hakuulizwa, na hakulitaja.

"Ni baba," nikasema.

Twaha akaiweka chai chini.

"Dada, sikiliza. Mimi si mtu wa maneno. Lakini muuza vipuri wa hapo jirani alimwona akitoka na gari, akaja akamuuliza Bwana Egidi: gari la marehemu Leonce mmemwuzia nani? Akasema alikula msibani kwake. Bwana Egidi amewasha pikipiki, anaitafuta nyumba yenu. Amesema akikuta ni uongo, gari linarudi hapa, klachi inatoka, na aliyesema uongo atajieleza polisi."

"Amekwenda zamani?"

"Sasa hivi. Lakini Ruhuwiko haijui. Atauliza uliza."

Mimi naijua. Nilikata kupitia mashamba ya mahindi, viatu mkononi.

*

Pikapu ilikuwa mbele ya nyumba, imeoshwa. Baba mdogo Hironimus alikuwa ameegemea boneti, anazungusha funguo kwenye kidole. Mama alikuwa mlangoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Karibu, mwanangu," baba mdogo akasema. "Nimekuletea gari lako. Linapanda hata mlima wa Matogoro. Sema ahsante."

Nilikuwa nahema. "Uliwaambia wewe ni baba."

"Wewe unaniitaje?"

Niliviweka viatu chini.

"Niite, nisikie. Mama yako naye asikie."

"Baba," nikasema.

"Umesikia, Kunegunda. Sikuiba kitu cha mtu."

"Umeiba jina la ndugu yako," mama akasema.

"Jina halikutajwa. Muulize huyu mwalimu wako nani alianza kusema mzee hayupo. Mimi nimeitika tu nilipoitwa."

Kutoka barabarani tukasikia pikipiki. Inakuja, inasimama, mtu anauliza, inakuja tena. Baba mdogo naye akaisikia. Nilifikiri ataogopa. Akashusha sauti, akasema na mama kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa yake.

"Huyo ni bosi wa gereji. Nilimwona yule muuza vipuri akinitazama, nikajua atakuja. Shemeji, atakuuliza mimi ni nani. Jibu ni lako. Ukisema shemeji, anachukua gari, na binti yako anaondoka naye kujieleza. Gari likichukuliwa, limesimama. Likisimama, wazee walishasema. Ukisema mwenye nyumba, gari linabaki, na binti anabaki." Akazungusha funguo. "Pande zote mbili mimi nalala hapa leo. Tofauti ni kama tutakuwa na gari au hatutakuwa nalo."

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Hodi," Bwana Egidi akaita. Alikuwa bado juu ya pikipiki, mguu mmoja chini, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Karibu, mwanangu," mama akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka, ukae."

"Sikai sana, mama. Shikamoo mzee, tumeonana asubuhi." Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Mimi Bwana Egidi hakunisalimu. "Mama, unisamehe. Mimi ni mgeni Songea. Nimeambiwa maneno mazito, na sipendi kumuuliza mwanamume jambo kama hili usoni. Nimeona nikuulize wewe, mama wa nyumba. Mwenye gari hili ndiye huyu? Huyu ndiye mzee wa nyumba hii?"

Kuku walikuwa wanadonoa unga uliomdondoka mama miguuni.

"Ukiona siye, utafanya nini?" mama akauliza.

"Gari nitalichukua, mama. Na huyu dada itabidi tufuatane. Yeye ndiye aliyetuambia mzee hayupo, akatuacha tumngoje."

"Mtampeleka wapi?"

"Polisi, mama. Si kwa kupenda."

Nilitaka kusema. Nawaapia, nilitaka. Mwiba ule wa samaki ulikuwa mahali pake.

Mama akajifuta paji la uso kwa mkono wa unga, ukabaki mstari mweupe.

"Ndiye," akasema.

Bwana Egidi akashusha pumzi. Nilimwona alivyofurahi kwamba hatafanya kile alichokuja kukifanya. Akamwomba baba mdogo radhi, akamwita mzee Leonce, na baba mdogo akamsamehe kwa roho kunjufu kabisa, akamshika bega, akamwambia ujana una haraka. Kisha Bwana Egidi akaniambia pole, dada, akaanza kupiga kiki pikipiki yake. Haikuwaka mara ya kwanza.

Baba mdogo akaja mpaka nilipo, akaniweka funguo kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Kesho Mpitimbi, mwanangu. Kachukue magunia ya mama yako."

Akavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri. Akampita mama. Nilisikia nyayo zake zikivuka sebule, halafu nikausikia mlango ambao haujafunguliwa na mwanamume tangu siku walipomtoa baba pale akiwa ndani ya jeneza.

"Mama Lidwina," sauti ikaita kutoka chumbani. "Njoo unionyeshe marehemu alikuwa anatundika wapi koti."

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Akageuka kuingia.

"Mama," nikasema.

"Kateke maji," akanijibu bila kutazama nyuma.

"Mama, usiende."

"Lidwina, nimekwambia kateke maji."

Ndoo ilikuwa karibu na mguu wangu. Pikipiki ikawaka. Bwana Egidi akaigeuza kuelekea barabarani, akaniinulia mkono wa kwaheri.

Sijui nilifikaje pale. Najua nilijikuta nimesimama mbele ya gurudumu lake la mbele, funguo za gari mkononi, na yeye amebana breki kwa ghafla mpaka pikipiki ikayumba kidogo chini yake.

"Dada, vipi tena? Ningekugonga."

"Zima."

"Nini?"

"Zima pikipiki, Bwana Egidi," nikasema, kwa sauti iliyofika mpaka ndani ya nyumba. "Nina neno la kukwambia, na nataka unisikie mara moja tu."

Akaizima. Hapo nikasikia nyayo za baba mdogo zinatoka chumbani, zinakuja mlangoni kwa haraka.